Kipimo cha Shikamoo

Shangazi yangu hakuwahi kumwuliza mtu mzima umri wake, na hakuona sababu ya kuanza tabia hiyo kwa ajili ya serikali. Alikuwa na grosari pale Gitting, chumba kimoja cha matofali ya kuchoma kilichotazama uwanja wa mnada na kuupa mgongo mlima Hanang. Friji hatukuwa nayo wala hatukuihitaji. Upepo ulioshuka mlimani asubuhi ulizipoza kreti ukutani kiasi kwamba mteja aliyetaka bia ya moto ilibidi asubiri tuisogeze karibu na jiko.

Mimi nililetwa kutoka kijiji cha Daudi kumsaidia. Nyumbani tulikuwa mabinti watano na shamba la maharage lisiloisha, na baba alipouliza nani angependa kwenda kwa dada yake Hanang, nilinyosha mkono kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa na miaka ishirini, na miaka ishirini yangu ilikuwa ya kucheka. Nilicheka kanisani, nilicheka msibani, nilicheka nikiwa peke yangu naosha glasi. Shangazi alisema mtu akinipekua atakuta kicheko kimoja tu, kirefu, kimekunjwakunjwa kama mshipi.

Miaka hiyo mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na watu wengine walikuwa bado wanaandika Arusha kwenye barua zao. Biashara zilikuwa zimefunguliwa. Bia ambazo zamani zilihitaji kibali na kujuana na mtu, sasa zilifika kwa lori hadi mlangoni, za kila rangi ya chupa. Shangazi alikuwa mjane. Grosari ile ndiyo iliyomlisha, ndiyo iliyomwezesha, na Jumapili aliifunga akaenda kuimba sauti ya pili kwenye kwaya bila kuona aibu yoyote.

Basi siku moja akaja afisa biashara wa wilaya, kijana mwenye viatu vya kung'aa ambavyo tope letu lilivishughulikia mapema. Alituletea karatasi ya kubandika ukutani. Ilisema ni marufuku kumwuzia kileo mtu aliye chini ya miaka kumi na nane, na muuzaji akiwa na shaka aombe kitambulisho. Kisha akasema lile lililomfanya shangazi aache kufuta kaunta. Leseni yetu ilikuwa inaisha baada ya mavuno, na safari hii kabla ya kuihuisha wangeuliza maoni ya kamati ya kata. Likipatikana lalamiko moja la kuuzia watoto, leseni haitoki.

Alipoondoka, shangazi aliibandika ile karatasi ukutani, nyuma ya kaunta.

"Kitambulisho gani?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeiandika. "Mimi mwenyewe kitambulisho changu ni kadi ya ubatizo, na panya wameshaila hadi kwenye jina la baba. Sasa nimwambie mzee wa watu, mtu aliyenibeba mgongoni, anionyeshe karatasi kwamba amekwisha kuzaliwa?"

Nikasema kuna kadi mpya za mpiga kura, zile zenye picha. Akasema hizo ni za kupigia kura, na hapa hatugombei.

Alilala na jambo hilo. Asubuhi aliamka na ufumbuzi, na mpaka leo nadiriki kusema ulikuwa ufumbuzi mzuri, kama binadamu wasingeuharibu.

"Binti yangu," aliniambia, "umri wa mtu uko mdomoni mwake. Mteja akiingia, wewe nyamaza kidogo. Akikuamkia shikamoo, huyo ni mdogo kwako, mpe soda. Kama hakukuamkia, mwamkie wewe. Akiitikia marahaba, muuzie. Mkipeana habari kwa habari, basi mmelingana, na wewe una ishirini kamili. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilishangaa tu kwamba serikali nzima, na wasomi wote ilio nao, haikuliona hilo. Kwetu mtoto anaweza kusahau kunawa, akasahau sala, akasahau ng'ombe porini, lakini shikamoo hasahau. Kwa wiki kadhaa kipimo kilifanya kazi bila kuumiza mtu. Wazee waliingia, nikawaamkia, wakaitikia, wakanywa. Watoto waliotumwa waliingia, wakaniamkia, wakatoka na soda mkononi na maelezo ya kumpelekea baba.

Halafu siku moja ya mnada akaingia yeye.

Ilibidi ainame mlangoni. Alikuwa amejifunga rubega ya rangi ya damu ya mzee, fimbo mkononi, vumbi la tambarare ya Dirma hadi magotini, na kikoba kidogo cha ngozi kikining'inia shingoni. Alikuwa na sura ambayo nikianza kuielezea nitaharibu. Nilinyamaza kama nilivyofundishwa, nikisubiri, na moyo wangu ukipiga hadi nikahofia shangazi atausikia toka jikoni. Akaweka fimbo yake nje kwa heshima, akasogea kaunta, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Nikaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Akaomba bia mbili. Nikampa soda mbili za machungwa. Alizitazama, akanitazama, akasema asante, akainama tena mlangoni, akaenda.

Niliingia jikoni nikamwambia shangazi kwamba nadhani yule mtu ana ndevu.

"Alikuamkia?"

"Aliniamkia."

"Ndevu si kitambulisho," shangazi akasema, akaendelea kumenya viazi.

Wiki iliyofuata alirudi. Akainama, akaweka fimbo, akaniamkia shikamoo, akaomba bia mbili, akapewa soda mbili. Na ya tatu hivyo hivyo. Ya nne hivyo hivyo. Hakuwahi kubisha wala kununa. Na mimi katikati ya mnada na mnada nilikuwa nimeharibikiwa kabisa. Nilipanga chupa tupu mbele na zenye bia nyuma. Nilitia chumvi chai ya mwenyekiti wa kitongoji, naye akainywa yote kwa sababu alidhani ni dawa. Nilikuwa naimba nyimbo za Pasaka mwezi wa saba. Na juu ya furaha yote hiyo kulikuwa na jiwe moja lililonikaa kifuani: kipimo kilikuwa kimesema. Yule alikuwa mtoto. Binti mzima wa miaka ishirini, niliyelelewa vizuri, niliyepata kipaimara, nilikuwa nimempenda mtoto wa watu.

Nilijitetea kwa njia nyingi. Nilijiambia labda watu wa tambarare hurefuka mapema kwa sababu ya maziwa. Nilisali niondolewe wazimu ule, lakini nilisali polepole, ili Mungu asiharakishe.

Wakati mimi nateseka hivyo, vijana wa shule walikuwa hawajalala. Siri ya kipimo ilivuja. Sijui ilivuja kupitia wapi, ingawa nakumbuka nilimsimulia fundi cherehani, na fundi cherehani naye ana mdomo. Wakaanza kuja mmoja mmoja, sauti wamezishusha tumboni. "Za mchana, dada." "Habari za kazi." Kidevu juu, macho ukutani. Wengi niliwajua nikawafukuza. Lakini ili ulimi ukubali kuacha shikamoo mbele ya kaunta, walihitaji mazoezi, na mazoezi waliyafanya nyumbani. Ghafla Gitting nzima watoto waliacha kuamkia. Mwalimu mstaafu alikutana na mtoto wa darasa la sita kisimani akaambiwa "Mambo?" Alirudi nyumbani akajilaza.

Na ndipo akaja yule mmoja aliyetumaliza. Alikuja saa za mvua, mwanga hafifu, amevaa koti refu la mtu mwingine na kofia iliyomfika kwenye nyusi. Hakuniamkia. Hakusema habari. Alisimama katikati ya mlango, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye mashamba, akasema:

"Hujambo, binti."

Mwili wangu ulijibu kabla ya akili. "Sijambo, shikamoo," nikasema, na goti likakunjika lenyewe.

"Marahaba," akasema yule kiumbe.

Nikamfungulia bia kwa mikono miwili.

Alikunywa nusu. Hiyo nusu ilimtosha kutoka nje, kutembea hadi mbele ya kanisa na kutapika miguuni mwa katekista, ambaye alikuwa anatoka kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Katekista aliinua ile kofia akaikuta ni yake. Koti pia lilikuwa lake. Na aliyekuwa ndani ya koti, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa mwanawe.

Katekista alikuwa mjumbe wa kamati ya kata.

Kikao kiliitishwa siku ya mnada, ili watu wawe wengi. Kilifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, wazee wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika videvuni. Madirisha hayakuwa na vioo, na kila dirisha lilijaa vichwa vya watu wa mnadani. Asubuhi hiyo shangazi alikuwa hajanigombeza hata kidogo. Alivaa kitenge chake cha kwaya, akafunga mlango wa grosari, akautikisa mara mbili kuhakikisha umefungika, akapiga hatua tatu, akarudi kuutikisa tena. Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Leseni ikikataliwa, yeye angebaki na kreti tupu, na mimi ningerudi Daudi kupalilia maharage, na siku za mnada Gitting zingeendelea bila mimi.

Katekista alisema kwanza. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nyumbani kwangu," alisema, "mtoto amemwambia mama yake mzazi, 'Za saa hizi.' Mama yake alidhani kuna mgeni."

Mwalimu mstaafu akasimulia ya kisimani. Mama mmoja akasema bibi yake mwenye miaka ambayo hakuna anayeijua hajaamkiwa tangu Jumatatu na ameanza kuuliza kama amekufa. Lalamiko, kumbe, halikuwa bia tu. Tulikuwa tumeiua shikamoo katika kata nzima.

Mtendaji wa kata akaniita mbele nieleze. Nikaeleza kila kitu, kwa sababu nikitishika huwa nasema kweli. Nikaeleza kipimo. Nikaeleza soda. Nilipofika kwenye yule wa koti, nikasema, "Aliniambia hujambo binti, nikamwamkia," na nikaonyesha goti lilivyokunjika. Kwenye dirisha moja mtu akacheka, na kicheko kikaruka dirisha hadi dirisha. Katekista aliangalia paa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, lakini usoni alijizuia.

"Kwa hiyo," mtendaji akasema akifuta macho, "hicho kipimo chenu kimewahi kumzuia mtu hata mmoja?"

"Mimi hapa," ikasema sauti toka nje.

Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Walimpisha akaingia. Nyuma yake, ameinama mlangoni, akaingia na yule wangu. Nilishika ubao.

"Mimi si mtu wa kata hii," mzee akasema. "Nimetoka Dirma. Naleta ng'ombe mnadani. Mguu wangu mbaya, nakaa kwenye gari la ng'ombe, namtuma huyu kijana wangu bia mbili. Minada minne huyu binti amenyima. Minada minne nakunywa maji matamu ya machungwa. Sasa tumbo limezoea, nikikosa kichwa kinauma. Mnasema anauzia watoto. Huyu kijana ana ng'ombe wake mwenyewe. Mbona kwake ni mtoto?"

Mtendaji akanigeukia. "Kwa nini ulimnyima?"

"Aliniamkia," nikasema.

Darasa likavunjika. Mwalimu mstaafu aligonga dawati kwa ngumi. Mtendaji alipopata sauti akamgeukia kijana, akamwuliza taratibu kwa nini mwanamume kama yeye amwamkie binti mdogo.

Alifikiri kabla ya kujibu. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu anayepanga maneno mstari mmoja.

"Nesi wa zahanati naamkia," alisema. "Mwalimu naamkia. Polisi naamkia. Huyu yuko nyuma ya meza, ana kitabu, ana karatasi ya serikali ukutani. Nikaamkia."

Hakuna aliyecheka hapo. Wazee wawili watatu walitikisa vichwa kukubali, kama watu wanaosikia jambo lenye adabu yake.

"Una miaka mingapi?" mtendaji akamwuliza.

Alifungua kile kikoba cha ngozi shingoni, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye nailoni, akaviringua, akaviringua, na ndani kulikuwa na kadi ya mpiga kura, mpya, haina hata mkunjo. Mtendaji aliisoma tarehe ya kuzaliwa, akahesabu kwa vidole chini ya meza, akarudia kuhesabu.

"Ishirini na minne," akasema.

Nilikaa chini pale pale, kwenye dawati ambalo lilikuwa na mtu tayari. Ishirini na minne! Nilitaka kumbusu katekista. Lile jiwe la kifuani liliondoka na pumzi yote, na kicheko kilichokuwa kimefungiwa tangu asubuhi kikanitoka bila ruhusa, mpaka mzee niliyemkalia naye akaambukizwa.

"Hii kadi," mtendaji akamwuliza kijana, "ulikuwa nayo siku zote nne?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini hukumwonyesha?"

"Hakuniomba."

Shangazi ndiye aliyeanza. Alikuwa amekaa wima muda wote, mikono mapajani, na neno lile lilipotua alijifunika uso kwa ncha ya kitenge na kucheka hadi machozi, maana karatasi iliyosema tuombe ilikuwa imekaa ukutani juu ya kichwa changu miezi yote hiyo, imebandikwa kwa uji wa ngano na mkono wake mwenyewe. Aliposimama kuzungumza alisema maneno machache tu. Alisema amekosa, kwamba aliona aibu kuomba, na kwa aibu hiyo mtoto wa mwenzake amelewa. Akamwomba katekista msamaha kwa kumtazama usoni. Katekista akasema koti limeshafuliwa.

Kamati ikaridhia leseni. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, kadi iombwe kwa kila ambaye sura yake inatia shaka, aamkie asiamkie. Pili, watoto wote warudishe shikamoo mara moja, na mwana wa katekista aanze yeye: wiki nzima asimame njia ya kisimani asubuhi, amwamkie kila mkubwa apitaye. Nilimpitia siku ya pili. Alikuwa amekauka sauti. Aliniamkia, nikaitikia marahaba kwa raha ambayo kanisani ningepaswa kuiungama.

Mnada uliofuata nilivaa gauni la Jumapili na kumwambia shangazi ni kwa sababu la kawaida limelowa. Alilitazama la kawaida likining'inia kwenye kamba, limekauka kama mkate wa juzi, akaenda jikoni na kufunga mlango.

Akaja. Akaweka fimbo nje, akainama. Kabla hajafungua mdomo, nikanyosha mkono.

"Kadi."

Akaiviringua nailoni, akanipa. Nililisoma jina lake. Niliisoma tarehe. Niliitazama picha, nikamtazama yeye, nikarudi kwenye picha. Sheria haikusema muuzaji aitazame kadi kwa muda gani.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado."

Alisubiri. Nilipomrudishia nikakumbuka kwamba sasa ninajua, kwamba huyu ni mkubwa wangu kwa miaka minne, na mimi ni mtoto wa watu niliyefundishwa. Nikakunja goti.

"Shikamoo," nikamwambia.

Hakuitikia. Alisimama na kadi yake mkononi, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekosa utulivu.

"Wewe usiniamkie," akasema.

"Kwa nini? Mimi ni mdogo kwako."

Akapanga maneno, mstari mmoja. "Mtu anayeniamkia namwona mtoto. Mtoto siwezi kumposa."

Jikoni kitu cha bati kilianguka. Mimi nilishika kaunta kwa mikono yote miwili, kwa sababu kicheko kilikuwa kimeanza kuninyanyua sakafuni.

"Na wewe umeniamkia minada minne," nikamwambia nilipoweza.

Alilifikiria hilo kwa uaminifu wote.

"Basi tuache wote wawili," akasema.

Tukaacha. Yeye akasema habari yako, mimi nikasema nzuri, karibu, na akaomba soda mbili za machungwa, moja ya baba. Kabla ya Krismasi shikamoo ilikuwa imerudi Gitting nyumba kwa nyumba, kisimani, kanisani na njia yote ya mnadani, na katika kata nzima ilibaki kukosekana mahali pamoja tu, pale kaunta, kati yangu na yeye.